Kazi tumeiombea kwa machozi, ila kusema "sijui" tunaona aibu

Jumapili moja pale kanisani kwetu, upande wa Njiro hapa Arusha, alisimama binti kutoa ushuhuda. Kapata kazi. Miaka miwili na nusu amekaa nyumbani na digrii yake, kapeleka bahasha kila ofisi toka Mnara wa Saa mpaka Kisongo, kafunga, kakesha, na sasa kaitwa. Vigelegele vikapigwa, mama yake akatoka mbele akamvisha kitenge, kwaya ikadaka pambio, na mi mwenyewe machozi yalikuwa yananitoka maana hiyo njia naijua. Akamalizia, "naomba mzidi kuniombea, naanza kesho." Mchungaji akamwekea mkono, amina, tukaingia kwenye matangazo.

Ile "naanza kesho" nilirudi nayo nyumbani. Kwa sababu shuhuda zetu karibu zote zinaishia hapo hapo, mlango umefunguka, Bwana asifiwe, keti. Ya ndani ya mlango hakuna anayeyasimulia. Sijawahi kuona mtu anasimama anasema wapendwa, mwezi wa kwanza kazini nilitoka shoti elfu themanini nikaenda mwenyewe kwa bosi kusema. Na Kiswahili chenyewe nadhani kinatuponza kidogo, kwa Mungu tunasema naomba kazi na kwa meneja tunasema naomba kazi, neno ni lile lile, basi ikishapatikana tunaona ombi limejibiwa, tunafunga faili.

Mi naona ni kinyume. Imani unaihitaji zaidi kuanzia hiyo kesho, na unaihitaji kwa kitu kidogo kisicho na utukufu wowote, kufungua mdomo mbele ya watu usiowajua na kusema hiki sikijui, naomba unielekeze. Najua kuna watakaonuna wakidhani nadharau maombi. Ngoja niwaambie yangu.

Nilianza kazi kwenye kampuni moja ya utalii hapa mjini mwaka 2022, mwezi wa saba. Jina lake silitaji, na haina haja, maana kosa lilikuwa langu. Huo ndo msimu wenyewe, corona ilikuwa imeachia, wageni wanarudi kwa fujo, baridi ya Arusha mpaka unavaa sweta mbili, ofisi nzima inakimbia. Kwenye intavyuu niliulizwa kama najua kufanya malipo ya hifadhi nikasema najua. Nilichokuwa najua ni kwamba hifadhi zinalipiwa, basi. Siku ya kwanza nikafika saa moja kasoro, hajafika mtu, nikapaka meza mafuta. Ndiyo, ya upako, kachupa nilipewa na shangazi, nikapitisha kidole kwa chini ya meza ili isionekane. Kwenye kioo cha simu nimeweka Wafilipi 4:13, nayaweza mambo yote. Alafu kila ninachoelekezwa najibu nimeelewa. Dada umeelewa? Nimeelewa. Kisha naenda chooni, nafunga mlango, namwomba Mungu anifunulie kile kile nilichoelekezwa dakika tano zilizopita. Sio utani, nilifanya hivyo wiki nzima.

Wiki ya pili nikapewa safari ya wageni wanne, siku tano, wanatoka Arusha wanaenda Serengeti moja kwa moja, wakirudi wanashuka Kreta ya Ngorongoro. Nikalipia Serengeti, nikalipia Ngorongoro siku ya Kreta, nikajiona. Kitu ambacho sikukijua ni kwamba Serengeti iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, Ngorongoro ina mamlaka yake yenyewe, na barabara ya kwenda Serengeti kutokea Karatu inapita katikati ya Ngorongoro, kwahiyo hata kama mgeni hashuki kwenye gari, kupita tu kunalipiwa. Mtu aliyekaa miezi miwili kwenye utalii anajua hilo hata akiwa usingizini. Saa nne kasoro simu ikaita, dereva yuko geti la Loduare. "Dada, hapa namba yako inasoma tarehe ya kurudi. Ya leo iko wapi?" Kwa nyuma nasikia magari ya wenzetu yanapita, nasikia mgeni anauliza kitu, na ukisikia tu ile sauti unajua hii likizo kaidunduliza miaka.

Nikaomba. Nilishika simu, nikafumba macho, nikasema Yesu nisaidie, na sikufanya kingine chochote kwa dakika moja, labda mbili, wakati meza ya pili kutoka yangu alikuwepo dada aliyefanya kazi hiyo hiyo miaka tisa.

Sasa huyo dada. Mwenyeji wa Kondoa, Muislamu, asubuhi haongei, na mimi kwenye maombi ya wiki ya kwanza nilishamweka kwenye orodha. Si mnaijua ile orodha ya maadui? Siku ya kwanza nilimsalimia akaitikia bila kuinua macho kwenye kompyuta, nikamalizana naye, huyu ndo yule niliyeambiwa nitamkuta, nikawa nikipita karibu na meza yake nasema kimoyomoyo kila silaha itakayofanyika juu yangu haitafanikiwa. Dereva alipopiga mara ya pili ndo nikageuka nikamwambia dada yangu, sijui nifanyeje. Hakuuliza kitu. Akavuta kiti, akavuta kibodi yangu, akatoa kontrol namba nyingine, ile namba ya kulipia, ikalipwa, nadhani dakika kumi na kitu wageni wakapita geti. Akaniambia "si ungeuliza juzi." Alafu akanyanyuka akaenda kumwambia bosi. Ndiyo, alinisemea, sitaki mfikiri hii ni hadithi ya malaika. Nikaandikiwa onyo nikiwa hata sijafikisha mwezi.

Ile Wafilipi nilikuja kuisoma yote baadaye, kwa aibu. Paulo anaandika akiwa kwenye vifungo, na kabla ya kusema anayaweza mambo yote anasema anajua kupungukiwa na anajua kufanikiwa, kushiba na kuona njaa, na neno analotumia pale mstari wa 11 ni "nimejifunza". Yaani huyu tuliyemweka kwenye kioo cha simu anasema alijifunza, mimi nilitaka nishushiwe. Na Yeremia 29:11 je, ule wa mawazo ya amani wala si ya mabaya, ambao kila anayeanza kazi lazima atumiwe na watu wasiopungua saba? Hiyo ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli. Juu kidogo tu wanaambiwa wajenge nyumba wakae, wapande bustani, wauombee mji huo huo waliopelekwa kwa nguvu, na mstari wa 10 unawatajia muda kabisa, miaka 70. Sura ya nyuma yake kulikuwa na nabii mwingine, Hanania, yeye alishatangaza kwamba ndani ya miaka miwili mambo yote yatakuwa yamerudi sawa, na bila shaka yeye ndo alikuwa anapigiwa vigelegele. Ukimtumia mdogo wako huo mstari wa 11 Jumapili usiku, mtumie na wa bustani, maana Jumatatu anaenda kushika jembe na hakuna kwaya.

Ila ninayempenda zaidi kwenye haya mambo ni Danieli, na sio Danieli wa simba, huyo anahubiriwa sana, nasema Danieli wa sura ya 2 ambaye ndo kwanza katoka mafunzoni. Mfalme kaota ndoto, kakasirika, kaamuru wenye hekima wote wauawe, na Danieli yumo kwenye hesabu. Angalieni mpangilio wake. Mstari wa 14 anaongea kwa busara na mkuu wa askari aliyekuja kuwaua, wa 15 anamuuliza mbona amri hii ina haraka hivi, wa 16 anaingia kwa mfalme kumwomba ampe muda. Ndo baada ya hapo, mstari wa 17 na 18, anaenda nyumbani kuwaambia wenzake waombe rehema kwa Mungu. Kauliza kwanza, kaomba muda kwanza, na kuomba huko huko ndiko kuliwapa nafasi ya kwenda kupiga magoti. Mimi ningekuwa yeye ningekuwa chooni.

Na wala sheria yetu haimtegemei mtu mpya ajue kila kitu. Kanuni za utendaji bora za 2007, zinazokwenda na ile Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, zinasema probesheni, yaani kipindi cha majaribio kazini, isizidi miezi 12 na humo ndani mwajiri akae na mfanyakazi mara kwa mara, amwambie anaendeleaje, ampe maelekezo, ikibidi mafunzo. Serikali isiyo na dini imeshakubali kwamba mgeni hajui, ni sisi tuliookoka tu ndo tunajifanya tunajua. Tena sheria hiyo hiyo ya 2004 iliandika kwamba ule ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haumhusu aliyekaa chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Kwahiyo hofu ya mtu mpya sio ya kijinga, kibarua kweli kinaweza kuota nyasi mapema na usiwe na pa kushtaki. Lakini kwa hofu hiyo hiyo ndo unatakiwa uulize mapema, kosa la kuuliza mara tatu halijawahi kukwamisha wageni getini.

Nirudi kwenye ile orodha ya maadui kidogo, maana hapo nina ugomvi na mafundisho yetu. Kijana anapata kazi, kabla hajajua hata choo cha ofisi kiko wapi ameshafundishwa kwamba pale kazini kuna watu wa kumpiga vita, kuna aliyeloga kiti, kuna bosi mwenye roho ya kumchelewesha. Basi anaingia na macho ya polisi. Chai haili na wenzake. Akielekezwa anaona anategwa. Na wale wenyeji wa ofisi wanamwona huyu anajiona, wanamwachia atajua mwenyewe, hapo sasa vita anayoiogopa anaianzisha yeye. Sisemi hakuna fitina maofisini, zipo, mimi mwenyewe nilisemewa. Nasema wiki ya kwanza huna data ya kumjua adui yako ni nani. Muombee yule wa meza ya pili apate siku njema, alafu muulize risiti zinafailiwa wapi.

Mwisho wa mwezi sasa, mshahara wa kwanza. Hapa naomba mnivumilie, ni pagumu.

Nimezaliwa Machame, kwetu Ulutheri umefika 1893 na wamisionari wa Leipzig, na malimbuko, ile sadaka ya mazao ya kwanza, nimeyaona nikiwa mtoto kabla sijajua neno lenyewe. Msimu ukifika watu wanashuka kanisani na mkungu wa ndizi, debe la mahindi, kuku kafungwa miguu, mayai kwenye kikapu, ibada ikiisha tunasimama nje kwenye nyasi unapigwa mnada, kuku mmoja ananunuliwa anarudishwa ananunuliwa tena mpaka mnadi sauti inakauka. Raha tupu. Mzee akileta mkungu wa kwanza, unaona ni mkungu wa kwanza kweli, mnene. Ila hakuna mzee niliyewahi kumwona ameleta kihamba chote, shamba zima la nyumbani.

Nimekuja mjini nikakuta malimbuko ni mshahara wa kwanza wote, mzima, na bahasha yake maalumu. Wangu ulikuwa laki nne na nusu. Niliutoa. Nilikuwa nimepanga chumba Moshono, kodi ya miezi mitatu inanisubiri, nauli ya hiace kila siku, chakula, na mshahara wa pili uko mbali kama Dodoma kwa miguu. Nikaenda kukopa kausha damu laki na nusu. Unaujua ule mkopo wa riba kali, hauhitaji niueleze, nilirudisha mpaka nikawa siwasalimii majirani. Na hapo nimetoka kwenye ile aibu ya Loduare, nina onyo kwenye faili, nina njaa, naingia ofisini nimechoka, nakosea tena. Kuna siku najuta na kuna siku sijuti, sitawadanganya, kuna kitu kilitokea moyoni siku ile nimeweka bahasha ambacho siwezi kukiuza. Lakini Kumbukumbu la Torati 26 inasema utwae katika malimbuko uyatie kapuni. Kapu, jamani. Na mwisho wa habari unaambiwa ufurahi pamoja na Mlawi na mgeni aliye kati yenu, yaani na wewe mwenyewe uwe umekula. Anayemfundisha binti anayeanza kazi atoe wote, amuulize basi na kodi inalipwa tarehe ngapi. Kama hataki kuuliza hilo, hiyo sadaka inawalemea wazazi wake kijijini, maana ndo watakaopigiwa simu.

Kuna na upande wa waajiri na huo hausemwi, labda kwa sababu wengi wao wanakaa viti vya mbele. Rafiki yangu aliajiriwa Moshi kwenye taasisi ambayo kila asubuhi inaanza na ibada, nyimbo mbili, neno, maombi, vizuri kabisa. Mwezi wa kwanza hana mkataba. Wa pili hana. Wa tatu akauliza, kwa adabu zote, akajibiwa sisi hapa ni familia, mbona unaanza kuonyesha huna imani? Mshahara nao ukawa unakuja kwa vipande, nusu tarehe 10, nusu ukimkuta mhasibu ametabasamu. Na akipeleka lalamiko anasomewa Wakolosai 3, lolote mfanyalo lifanyeni kwa moyo kama kwa Bwana. Hiyo sura ukigeuza ukurasa tu, 4:1, inawaambia mabwana wawape watumwa wao yaliyo haki, wakijua na wao wana Bwana mbinguni. Huo mstari haukuwahi kusomwa kwenye ile ibada ya asubuhi miaka yote miwili aliyokaa. Yakobo 5:4 ndo kabisa, ujira uliozuiliwa kwa hila unapiga kelele. Sheria ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi anapoanza, kazi gani, saa ngapi, malipo kiasi gani. Kuomba hiyo karatasi sio kumkosea Mungu, na mi naona inahitaji imani kuliko kufunga siku tatu kavu, maana kwenye kufunga hakuna anayekukunjia uso.

Nimewahi kumwona kijana mmoja Msabato alivyofanya hilo, hoteli moja njia ya Usa River. Kwenye intavyuu yenyewe, hajaulizwa, akasema jamani mimi Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi jua likizama sifanyi kazi, lakini Jumapili zote nipangieni, na sikukuu zenu zote nipangieni. Kwenye hoteli, msimu wa wageni! Mi nilidhani amejimaliza. Walimchukua, kwa sababu wale wengine wote walikuwa wanagombania Jumapili. Sio kwamba itakuwa hivyo kila mahali, wapo wenzake waliokosa kazi kwa kusema hivyo hivyo. Lakini yeye alisema kabla, hakusubiri apangiwe shifti ndo aanze kuumwa tumbo kila Ijumaa jioni.

Onyo langu lilikaa kwenye faili mwaka mzima. Yule dada wa Kondoa bado tunafanya naye kazi, asubuhi bado haongei, mwezi wa Ramadhani ndo kabisa. Mafuta ya shangazi nimeyatunza kabatini, sijayatupa, naombea kazi yangu mpaka leo na nikiomba naomba zaidi mdomo kuliko mlango.

Jumatatu wametuletea kijana mpya, katoka chuo, kamekaa meza ya mwisho karibu na dirisha, simu yake ina Yoshua 1:9 kwenye kioo. Nikamwelekeza malipo ya Serengeti na Ngorongoro, taratibu, nikachora na barabara kwenye karatasi. Nikamuuliza mdogo wangu umeelewa? "Nimeelewa dada," haraka haraka, hata sijamaliza swali.

Nikavuta kiti. Nikamwambia haya, nionyeshe.